Pikipiki Iliyofungwa Mpira

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na kahawa imechanua. Harufu yake ilikuwa tamu, hata leo nikifumba macho naipata. Nilikuwa nimepakiwa nyuma ya pikipiki, nimeshika jani la isale. Kwetu Uchagani, ukimpelekea isale uliyemkosea, hana budi kukusikiliza. Baba yangu alikuwa amekataa kusema nami, kwa sababu marehemu mume wangu, Aminieli, alinitorosha badala ya kuja kuposa. Mjomba alituombea, baba akakubali kutupokea alasiri ile, nyumbani kwake Kirua Vunjo. Tusipotokea, alisema, tusije tena.

Ile pikipiki ilikuwa kubwa, ya safari ndefu. Aminieli aliinunua kwa mtalii mmoja ambaye yeye alimwongoza kupanda mlima. Aliipenda mno! Nilikuwa nikimtania kwamba mimi ndiye mke mdogo. Sasa kile chuma chembamba kinachounganisha pedali ya gia na giaboksi kilikuwa kimelika vichwa, kinacheza kama jino la mtoto. Fundi wetu wa Moshi mjini, mzee Singasinga, alimwambia aiache achongewe vichwa vipya. Mwenzangu akakifunga kwa mpira wa tyubu, akasema, "Tutatengeneza tukirudi." Niliona, nikanyamaza. Mke mgeni huona mengi akameza.

Tulipanda kama tuko ndotoni, ukungu umemeza njia na sauti za watu. Katikati ya mlima akakanyaga apunguze gia, pedali ikaning'inia tu, chuma kimechomoka. Injini ikakohoa, ikazima, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, ikatulaza mtaroni.

Hatukuumia. Lakini jua lilikuwa linakwenda, na Aminieli anapapasa matopeni akitafuta chuma chake. Aliona aibu kuingia ukweni kwa miguu.

"Baba akishafunga mlango hafungui," nikamwambia. "Twende."

Tukaiacha pikipiki, tukapanda kwa miguu, tukamkuta baba anawakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

Alipokea isale, akaitazama mikono ya mkwewe, matope na grisi tupu.

"Mmekwama?"

Aminieli akaeleza yote, mpaka ule mpira.

"Ulijua kimelika?"

"Nilijua, baba."

"Na wewe?" akanigeukia.

"Nilijua."

Baba akaweka panga chini. "Hata njia ya kuja kuposa mliijua, mkafunga mpira." Kisha akanishika bega. "Na mimi nilijua nimekukumbuka tangu wiki ya kwanza. Nikanyamaza. Marahaba, mwanangu."

Nililia mbele yao wote wawili, wala sikuona haya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta: hilo umelisikia hadi limekuchosha. Mimi nakuambia na jingine, mficha uchi hazai. Ukiona kitu kinacheza, kiwe cha chombo chako au cha nyumba yako, kiseme kingali kidogo, hata kama wewe ndiye mgeni pale. Na ukimkumbuka mtu, usimnunie ukingoja aanze yeye. Mwendee, hata kwa miguu, hata na matope yako.

Mungu akupe ulimi wa kusema mapema, mwanangu, na kila mlango utakaoubisha, akujalie umkute mwenyewe angali hai.