Mgeni wa Saa Tano

Wifi yangu ni mfamasia, lakini mtaa mzima unamwita Dokta. Miaka miwili ya mwanzo alijitahidi kuwasahihisha, mwishowe akachoka. Mimi nimesimama naye kaunta mwaka wa tisa huu. Yeye kaolewa na kaka yangu, kwa hiyo ananiita wifi na mimi namwita wifi, na wateja wakitusikia tunaitana hivyo kutwa nzima wanacheka. Wacheke, ilimradi wakimaliza waniambie wanataka nini.

Na kujua mtu anataka nini ndiyo kazi yenyewe. Mtu anakuja anakwambia, nipe vile vyekundu alivyopewa shangazi. Shangazi anaumwa nini? Hajui, ila vilimsaidia. Mwingine anataka dawa kali ya kikohozi cha mtoto, cheti hana, mtoto hajamleta, na ukimuuliza mtoto ana kilo ngapi anakutazama kana kwamba umemtukana. Wifi ana subira. Anauliza taratibu, anaeleza, anarudia, na mtu akimjibu vibaya anaanza upya. Mimi subira sijajaliwa. Mimi mtu akiniambia duka gani hili la maswali, namwonyesha mlango.

Jambo moja tu lilimfanya wifi apandishe sauti, nalo ni mkasi. Si kila mgonjwa anachukua karatasi nzima ya vidonge. Wengine wanachukua vitatu, wengine saba, inabidi ukate. Na zile dawa tunazouza sana, kiwandani wameandika jina upande mmoja tu wa karatasi. Sheria ya wifi ni kwamba unakata kuanzia upande usio na jina, ili kipande kinachobaki dukani kijulikane ni kipande cha nini. Ukikata upande wenye jina, unabaki na vidonge vyeupe ndani ya bati, havina baba wala mama. Kipande cha namna hiyo akikiona anakitupa, hata kiwe na vidonge tisa. Nilikuwa namwona anazidisha.

Kulikuwa na mzee tukimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu hadi alipostaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule aliwahi kuwachapa. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Alikaa peke yake nyumba ya tatu kutoka kona, macho yamefifia, ana presha. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa na watoto wake mtaa wa pili, akimaliza kuwahudumia ndiyo anampelekea baba chai, saa tano hivi. Kwa sababu ya yale macho, wifi alikuwa anampa vidonge vya wiki moja tu, saba ndani ya kibahasha, kimoja kila alfajiri. Kila Ijumaa anakuja mwenyewe na fimbo yake, ananitania kwamba naongeza mwili kuliko akili.

Jumatatu moja akaja, na Jumatatu si siku yake. Ilikuwa kama saa nne na nusu. Shati limemlowa jasho, na asubuhi ile kulikuwa na baridi hata mimi nilivaa sweta. Akashika ukingo wa kaunta, akatazama nyuma ya bega langu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Hakuitikia. Akaendelea kutazama, halafu akatabasamu kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia mgeni wa heshima.

"Huyo nyuma yako mbona humpi kiti?" akaniuliza.

Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na rafu ya dawa za macho na ukuta. Mwili ulinisisimka, nisidanganye, lakini kulikuwa na watu watano kwenye foleni na wawili walikuwa wameshaanza kunung'unika. Nikamwambia, "Mwalimu leo umeamua kunitisha asubuhi asubuhi." Akasema samahani, akatoka, akitembea kama mtu anayetafuta ngazi gizani. Wifi alikuwa chumba cha nyuma anapokea mzigo. Sikumwambia. Nitafika huko.

Jumatano binti yake akaja. Kajifunga kanga vibaya, macho mekundu. Akaomba dawa ya usingizi.

"Ya nani?" wifi akauliza.

"Ya baba. Dokta, baba anaongea na mama."

Mimi nilikuwa nahesabu vidonge vya mteja mwingine. Nikapoteza hesabu.

Akaeleza. Tangu Jumamosi, akifika na chai, anamkuta baba amekaa ameelekea mlango wa chumba cha kulala. Ameweka kiti cha pili mbele yake. Anazungumza kwa sauti ya chini, ananyamaza kama anayesikiliza, anazungumza tena. Mwili wote unamtetemeka. Akimuuliza anaongea na nani, anasema mama yako huyu hapa mlangoni, hutaki kumwamkia? Majirani wameshaanza kusema mama kaja kumchukua. Binti mtu alikuwa anasema hayo anajaribu kucheka, kicheko hakitoki.

"Sasa nikishamshika mkono nikamnywesha chai, dakika kumi tu, anakuwa mzima. Anaangalia kile kiti, ananiambia ameondoka. Halafu analia. Kila siku hivyo hivyo, chai ikiingia, mama anaondoka."

Wifi alikuwa ameegemea kaunta. Akasimama wima.

"Chai ya sukari?"

"Ya sukari. Vijiko vitatu, anavyopenda."

"Kile kibahasha chake cha dawa unacho?"

Alikuwa nacho kwenye mkoba, alikileta ili dawa ya usingizi isije ikagongana nayo. Wifi akakimimina kiganjani. Kipande cha bati, matundu matano yametobolewa, vidonge viwili vyeupe vimebaki. Akakigeuza. Hakikuwa na jina upande wowote.

Sikungoja aniangalie. Nilijua. Ilikuwa wiki mbili nyuma, nagombana na mwanamume mmoja aliyetaka kunifundisha kazi, huku nakata vidonge vitatu vya kushusha sukari vya mama mmoja. Nikakata upande wenye jina. Vile saba vilivyobaki nikavirudisha bila kuangalia, na boksi la sukari na boksi la presha yanakaa bega kwa bega. Ijumaa nikavitoa kwenye boksi la presha, nikampa Mwalimu. Mtu asiye na kisukari, tumbo tupu tangu alfajiri, tunamshusha sukari kila siku hadi ubongo wake unakosa chakula.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano. Na binti mtu alikuwa kwetu, chai hajapeleka.

Tulifunga duka na wateja mle ndani tukawatoa, mmoja akatuporomoshea maneno ambayo siwezi kuyarudia. Wifi hakimbii, ni mtu mzito, lakini siku ile aliniacha. Mkononi alishika kile kimashine cha kutoboa kidole na kupima sukari, na pakiti ya sukari tuliyokuwa tunanywea wenyewe.

Mlango wa nje ulikuwa wazi. Sebuleni kulikuwa kimya, pazia zimefungwa, sakafu imefagiwa vizuri kama ya watu wanaosubiri ugeni. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake, jasho linamdondoka kidevuni, midomo imepauka, macho ameyakaza kwenye mlango wa chumba. Mbele yake kile kiti kingine, kimewekewa mto. Alikuwa anaitikia kitu. Eeh. Eeh. Sema basi.

Wifi akapiga magoti, akamtoboa kidole. Mimi nilikuwa nimesimama kati yake na mlango wa chumba, mgongo wangu umeelekea chumbani.

"Sogea," Mwalimu akaniambia. "Umemziba."

Na mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikasogea. Nikamwachia njia. Na sijui nilisikia nini mgongoni, labda upepo wa pazia, ila sikugeuka, na hata ningelipwa nisingegeuka.

Wifi alisoma kimashine, akaguna. Akakoroga sukari kwenye maji, akamshika kichwa, akamnywesha kidogo kidogo, anamwambia meza, Mwalimu, meza. Akawa anakataa. Alikaza meno kama mtoto. Ikabidi binti yake amshike mikono. Baada ya muda macho yake yakalegea, yakatuona, mmoja mmoja, akatutambua. Akautazama mlango.

"Mmemfukuza," akasema.

Tulimkimbiza hospitali, kwa sababu dawa ile hairidhiki na sukari ya kikombe kimoja, inasubiri inarudi tena. Alilazwa siku mbili chini ya dripu. Daktari wa zamu alisema asubuhi mbili zaidi za namna ile, wangekuja kumchukua na machela nyingine kabisa.

Nikamwambia wifi nitasema ni mimi. Nilisema na kulia. Akaniambia, "Dawa inayotoka dirishani kwangu ni yangu. Nitawaandikia wakaguzi wa maduka ya dawa mwenyewe, kwa jina langu. Lakini kwanza namwambia Mwalimu usoni." Kaka yangu akamsihi angoje, akamwambia watafunga duka, tutakula nini, watoto wana shule. Na mimi nikaeleza ya Jumatatu, ya yule mgeni niliyeambiwa nimpe kiti. Hapo ndipo aliponitazama vibaya kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu.

Tukaenda wote wawili. Mwalimu alikuwa amerudi nyumbani, kajifunika shuka miguuni, sauti yake imerudi ya darasani. Wifi akamweleza kila kitu. Hakuficha. Binti akawaka, akataka kutupiga, na angetupiga ningetulia tu. Mwalimu akamwambia atuachie nafasi. Akatoka, akaubamiza mlango.

"Kwa hiyo ni dawa," Mwalimu akasema.

"Ni dawa, Mwalimu. Ni kosa letu."

"Ile dawa ndiyo ilimleta."

"Haikumleta mtu. Sukari ikishuka sana, akili inaona visivyokuwepo."

Akamtazama kama anayehakiki jibu la mwanafunzi.

"Siku zote tano alikuwa anakuja hadi pale mlangoni," akasema. "Anaanza kunieleza jambo. Mdomo unafunguka, namwona kabisa. Halafu huyu binti anaingia na chai. Kila siku. Jumatano mkaingia ninyi. Mke wangu alikufa usingizini, Dokta. Jioni yake tuligombana, kwa upuuzi, tukalala hatujasemezana. Ana neno lake anataka kuniambia, na mimi sijalisikia."

"Mnavyo vile viwili vilivyobaki," Mwalimu akasema. "Nipe kimoja. Siku moja tu, na chai nitamwambia asilete. Wakaguzi wakija kuniuliza, nitasema mzee mimi sioni, nilichanganya mwenyewe. Wewe duka lako linabaki, mimi nasikia neno langu."

Vilikuwa kwenye mkoba wangu. Wifi alivihifadhi kwa ajili ya wakaguzi, na mimi ndiye nilivibeba. Mwalimu hakujua, lakini alinitazama mimi.

"Hapana, Mwalimu," wifi akasema.

"Utafungiwa."

"Najua."

"Na wewe, mwanangu?" akaniuliza mimi.

Wifi akanishika mkono, si kwa upole, tukaondoka.

Wakaguzi walikuja wiki iliyofuata. Mwalimu aliulizwa, akasema ukweli wote, hakuongeza wala kupunguza. Duka likafungwa miezi mitatu, karatasi ikabandikwa mlangoni, na wanaotuchukia wakapita kuisoma kwa sauti. Kaka yangu hasemi na mkewe hadi leo ila kwa shida. Mwalimu sasa anachukua dawa zake hospitali, na binti yake anasema asubuhi chai haigusi tena mpaka apigiwe kelele. Amekaa tu, ameelekea mlango wa chumba, na hakuna anayekuja.

Siku ile tulipotoka kwake, njiani wifi alivichukua vile vidonge kutoka kwangu akavihesabu. Vilikuwa viwili. Akavihesabu tena, vidonge viwili mtu anavihesabu mara mbili. Akaniuliza, "Ungempa?"

Nikamwambia, wifi, unanionaje mimi, nisingempa.

Ningempa. Na si kwa ajili ya duka.