Upanga Uliokata Migomba

Mume wangu Byabato hupogoa migomba ya Mzee Thakorbhai, mwenye duka, hapa Hamugembe. Jana hakuuona muhoro wake stoo. Akachukua chuma kingine kilichopinda vilevile, akakinoa, akakata migomba sita. Kumbe ni upanga ambao Bhavik, mjukuu wa mzee, ataushika kesho kwenye ndoa yake, kama babu zake walivyofanya.

Tangu asubuhi tunausugua kwa majivu na ndimu, vidole vinawaka. Utomvu wa mgomba hautoki, kila Mhaya anajua.

Mzee akaja, akapitisha kidole kwenye makali. Damu ikatoka. Nikamshika Byabato mkono.

“Miaka themanini tunaubeba,” mzee akasema, akiitazama ile damu. “Sikujua kama unakata.”