Pawa Saplai ya Saruji na Harusi Nisiyoruhusiwa Kuiona

Nilifungua pawa saplai nikakuta saruji.

Saruji kabisa, wadau. Ile ya kupigia sakafu. Kipande kama nusu mche wa sabuni, kimegandishwa chini kwa gundi nyeusi, na pembeni yake vidude viwili vitatu vya umeme vimeungua vinanuka.

Nilikiangalia nikasubiri nikasirike. Hasira haikuja. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2004, siku ya ishirini na mbili tangu nimzike mama yangu, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kutazama tu mambo yanavyopita.

Ngoja nianze mwanzo, maana bila ya saruji hiyo nisingelijua jambo ambalo mama alishalifukia.

Naitwa Ame. Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta, na karakana yangu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Miembeni, Ng'ambo. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, Bi Rukaiya. Mgonjwa wa moyo, mtu wa maneno machache, dawa zake kwenye kopo la biskuti. Mimi namjua mama kwa kukaa kitako na kuvuta uradi kwa tasbihi yake. Mama mwengine simjui.

Mwezi wa Shaaban akaja dada mmoja wa Malindi, anaitwa Tamima. Kazi yake kupiga video za harusi, upande wa wanawake.

Kwa msiojua mambo yetu: sherehe ya wanawake ni ya wanawake. Buibui linavuliwa mlangoni, watu wamejipamba, wanacheza watakavyo kwa sababu wanajua hakuna jicho la mwanamme. Mpiga video mwanamke, anayekata na kuunga mwanamke, na mkanda ukishatoka unaangaliwa chumbani mlango umekomewa. Mkanda mmoja ukivuja kwa wanaume, Tamima hana kazi tena, na pengine hana hata mtaa wa kupita.

Shaaban ndiyo msimu, kila mtu anataka aoe kabla ya mfungo. Na kompyuta yake ilikuwa imechoka. Unaipa harusi moja baada ya alasiri, inakurudishia kesho yake adhuhuri.

"Fundi, nataka mashine yenye kifua," akaniambia. "Usinunue iliyofungwa. Nichagulie kipande kimoja kimoja, uniunge mwenyewe."

Hapo aligusa penyewe. Mimi ukiniambia nichague vifaa, nasahau kula.

"Na nataka lile kasha la kioo, lenye taa za buluu," akaongeza.

"Dada Tamima, taa za buluu hazikati video."

"Lakini zapendeza!"

"Kwa bei ya taa zile unakosa ramu moja nzima."

Akafikiri. "Haya, ziondoe. Lakini roho yaniuma."

Basi nikamchagulia. Prosesa Pentium 4 ya gigahezi tatu, maana kuunga video ni kazi ya prosesa. Madabodi, lile bodi kubwa la kuungia vyote, nikalitafuta lenye nafasi nne za ramu, ili kesho akitaka kuongeza asinunue jengine. Ramu giga moja, mwaka ule ilikuwa habari kubwa. Diski mbili: moja ya Windows, ya pili ya harusi tu, kwa sababu video na Windows wakikaa chumba kimoja wanagombana. Kadi ya kuingizia mikanda kutoka kwenye kamera. Feni tatu, kwa joto letu hili.

Kadi ya picha nikamwekea ya kawaida. Hachezi magemu.

Ikabaki pawa saplai, kile kisanduku cha kulishia mashine umeme. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanamvisha mtu prosesa ya maana halafu wanaulisha mwili wote kwa pawa saplai ya takataka. Mimi nilikuwa najisifu sijawahi kufanya hivyo. Nilikwenda kwa Mmanga, Darajani, aliyekuwa akileta mzigo kutoka Dubai, nikashika moja mkono wa kulia na moja wa kushoto. Hiyo ndiyo mizani yetu. Pawa saplai nzuri ina shaba na vyuma ndani, basi huwa nzito. Nyepesi ni kasha tupu. Karatasi ya ubavuni inaweza kuandikwa chochote, lakini mkono haudanganyiki.

Nikachukua nzito. Mmanga akanipongeza, "Yakhe, we fundi kweli."

Siku niliyokuwa nikiiunga, mama akasimama mlangoni na buibui lake.

"Ame."

"Naam, mama."

"Leo siku yangu ya hospitali."

Mkononi nina prosesa. Mwenye kujua anajua, ukishaipaka ile dawa ya kupitishia joto huiachi nusu.

"Nipe nusu saa, mama, nkupeleke."

"Hebu kaa na kazi yako. Nnakwenda mwenyewe."

Alinukia udi. Nikasikia harufu, nikaendelea kukaza skrubu.

Alirudi baada ya magharibi. Nikamuuliza daktari kasemaje. "Kasema nko salama," akajibu, akala sahani mbili za wali. Nikafurahi. Kesho yake nikampelekea Tamima mashine yake, ikawaka mara ya kwanza tu, nikajiona mwanamme.

Siku nane baadaye, asubuhi, nilimwita mama mara tatu. Hakuitika.

Watu walikuja wakazika, wakasoma hitma, wakaondoka. Kila mtu alisema Ame ana subira. Haikuwa subira. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilikuwa nakula futari na sijui kama ni muhogo au ndizi. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikitembea kichwani: ningempeleka mwenyewe siku ile, ningeongea na daktari mwenyewe, ningeuliza maswali. Pengine kuna kitu daktari alimwambia, mama akakisahau. Mimi niliuza roho ya mama yangu kwa kupaka dawa ya prosesa. Sikumwambia mtu. Hospitali yenyewe sikuthubutu kwenda kuuliza, niliogopa kuambiwa ni kweli.

Ndipo umeme ulipofanya mambo yake. Umeme wa kwetu mnaujua: kukatika si tatizo, tatizo unaporudi. Ulirudi saa tano za mchana, kwa Tamima, ukapasua ile pawa saplai. Ikafa na madabodi, ikafa na diski ya Windows.

Tamima alinijia na mashine kwenye taksi, uso umemwiva.

"Fundi, umenimaliza. Harusi tano zimo humo. Watu wanataka mikanda yao Sikukuu!"

"Mikanda ya kamera si unayo?"

"Nshairikodia juu yake! Nkinunua mikanda mipya kila harusi ntakula nini?"

Nikaifungua pawa saplai mbele yake, tukaiona saruji. Mtu kaupima mkono wa fundi wa Unguja tangu huko Dubai, akajua utadanganyika na nini. Nilimwambia Tamima kosa ni langu, mimi ndiye niliyechagua, na mashine nitaiunga upya. Nilisema kwa sauti ile ile ninayoagizia mkate.

Ile diski ya pili, ya harusi, ilikuwa bado inazunguka. Nikaifunga kwenye kompyuta yangu. Video zilikuwamo, ila orodha ya majina ilikuwa imevurugika. Programu ya kurudisha mafaili ilinipa vipande sabini na kitu, vyote havina jina. Kama makopo ya jikoni yaliyobanduliwa karatasi, mpaka ufungue ndiyo ujue hili chumvi hili sukari.

Na kufungua maana yake ni kuangalia.

"Wewe huangalii," Tamima akasema.

"Siangalii."

"Na mie sijui kuiendesha hiyo programu."

Tukafikiri. Kesho yake akaja na shangazi yake, Bi Dalal, mama wa makamo, mkononi kofia anayoishona kwa sindano.

"Shikamoo, Bi Dalal."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia leo twafundishwa kompyuta na ukuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango wazi, pazia limeshushwa, Tamima mbele ya kioo cha kompyuta. Mimi nimempa mgongo, nimekabili ukuta wenye kalenda, namwambia bonyeza hapa, shuka chini, fungua kinachofuata. Bi Dalal katikati.

"Nkiona hiyo shingo inacheza," akasema, "ntakudunga na sindano hii hii."

Nikamwomba Tamima aache sauti juu. Kipande kilichoharibika hukatika sauti, basi mimi kwa masikio nitajua kizima na kibovu, na yeye kwa macho atajua ni harusi ya nani. Tulikwenda vizuri. Vigelegele, "hii ya Vuga", tunaandika. Taarabu, "hii ya Kikwajuni", tunaandika. Bi Dalal anaguna, "Mchana wa Ramadhani, astaghfirullah," huku mguu wake nausikia unapiga sakafu.

Kipande cha thelathini na moja kilianza na kidumbak, kile cha harusini kwetu, cha kucheza mpaka kanga imfunguke mtu.

Tamima akasema haraka, "Hiki kizima, twende."

"Bado. Hakijafika hata dakika."

"Fundi, nakwambia kizima."

"Dada, kikikatika katikati utanirudia tena. Kiache."

Nikamsikia anahangaika na kitufe cha sauti. Akakosea, akaongeza.

Ngoma ikapungua. Mwanamke akacheka, kicheko cha mtu anayehema. Halafu akazungumza.

"Tamima, hebu niondolee hilo jicho la kamera, mwenzio napumua."

Ilikuwa sauti ya mama.

Wadau, sikugeuka. Nasema hivi si kwa kujisifu. Mwili wenyewe ulikataa. Niliisoma kalenda, tarehe moja baada ya nyengine.

Kwenye video, Tamima akauliza, "Bi Rukaiya, si naambiwa u mgonjwa?"

"Mgonjwa nyumbani. Hapa si mgonjwa."

"Na mwanao anajua uko huku?"

"Ame? Ame anajua nko hospitali." Wanawake wakaangua kicheko, na yeye pamoja nao. "Hospitali nshakwenda mwezi uliopita. Daktari kanambia moyo huu umeshachoka, hauna tena dawa ya kuurudisha, nkae kitako tu. Nkae kitako ningoje nini? Na usimwambie mwanangu, Tamima. Nakuweka amana. Yule atafunga karakana, anikalie mbele anitazame kama maiti. Muache aunge mashine yake, mwenyewe anafurahi." Akavuta pumzi. "Haya, mwambie huyo anayepiga sanduku aongeze!"

Kidumbak kikarudi. Vigelegele.

 Nyuma yangu Tamima, sauti imekatika: "Nsamehe, kaka Ame. Ilikuwa amana. Alipofariki nkasema pengine nkwambie, nkaona amana haifi na mtu."

 Niliuliza kitu kimoja tu. "Anacheza?"

"Anacheza."

"Vizuri?"

Alijibu Bi Dalal. "Mwanangu, mama yako anawatia adabu."

 Nikasikia sindano inawekwa juu ya meza. "Tamima, rudisha nyuma," Bi Dalal akasema. "Mama kutazamwa na mwanawe si haramu. Hao wengine ndio hawamhusu. Nipe lile boksi."

Walichana boksi la madabodi vipande viwili. Wakasimama huku na huku ya kioo cha kompyuta, kila mmoja na kadibodi yake, wakaacha uwazi wa viganja viwili katikati. Nikaambiwa nigeuke.

Alikuwamo kwenye ule uwazi. Gauni la zambarau ambalo sijapata kuliona. Asmini kichwani. Kiuno kinakwenda, macho kayafumba, jasho linamtiririka, na anacheka na meno yote. Akihama kulia, Tamima na shangazi yake wanahamisha kadibodi kulia. Akirudi, wanarudi naye. Mara nikaona bega tu, mara mkono, mara Bi Dalal anafokewa, "Shangazi, upande huo, anatoka!" na Bi Dalal anajibu, "Mama yake mwepesi huyu, ntamuweza wapi!"

Nikacheka. Sijui kilitoka wapi. Nikacheka mpaka kikageuka, nikalia mbele ya wanawake wawili wasiokuwa jamaa zangu, kilio ambacho mazikoni kilinikataa.

"Lia, mwanangu," Bi Dalal akasema, hajaiachia kadibodi yake. "Machozi hayatengui saumu."

Siwadanganyi kwamba ganzi ilikwisha siku ile. Ilichukua muda. Na bado kuna siku namkasirikia mama kwa kunificha, na siku naikasirikia nafsi yangu kwa kuwa mwana wa kufichwa. Lakini lile swali la ningempeleka mwenyewe nililiacha pale pale chumbani. Ningempeleka, asingecheza. Alipima mwenyewe moyo wake na siku zake, akachagua.

Harusi zote tano zilitoka kabla ya Sikukuu. Tamima alinikatia dakika moja na nusu, mama peke yake, na mpaka leo ninayo.

Funzo langu ni dogo. Mzazi wako akikwambia anakwenda hospitali, acha skrubu, mfuate. Mkiwa njiani akapinda kona nyengine, usimrudishe. Nenda naye mpaka mlangoni, mpokee buibui na mkoba, umngojee nje mpaka amalize kucheza.