Usukani wa Pikapu ya Eddo

Mwanamume mzima, mwenye miguu na akili zake, kwa nini akae ng'ambo ya mpaka akimsubiri mkewe aende kumchukua kwa gari, ilhali malori yanavuka kila siku yakiwa na watu hadi juu ya mizigo?

Niliuliza swali hilo nyumbani kwetu Garissa, mwaka ule Somalia iliposambaratika. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya ghasia. Nilikuwa nimerudi na mazoea ya kuhoji kila kitu, kuanzia serikali mpaka sukari kwenye chai, na mama alikuwa akilalamika kwamba karo yote ile imenunua ubishi.

Eddo, yaani shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa amewasili kwetu na pikapu yenye usukani wa kushoto, kama magari mengi ya kwao Kismayu. Aliiendesha mwenyewe. Nyuma aliwabeba majirani zake, wanawake na watoto, akawateremsha kambini Liboi, kisha akaja hadi kwetu peke yake. Mumewe, alisema, amebaki na mama yake mzee. Alitaka kurudi kuwachukua wote wawili.

Baba hakutaka. Lakini kumzuia mke asimfuate mumewe ni jambo zito, kwa hiyo alilitumia gari kama kisingizio. Usukani ulikuwa mgumu kama uliofungwa kwa kamba, na kila ulipogeuzwa kitu kililia chini ya boneti kama ndama aliyeachwa.

"Walaal," alimwambia dada yake, "njiani kuna watu wenye bunduki. Ukitaka kukata kona ghafla utafanyaje? Usukani ukilainika, nenda. Usipolainika, kaa."

"Nikienda, naenda peke yangu. Mwanamume watamwuliza ukoo wake. Mwanamke watamwuliza amebeba nini."

Wakaenda karakana, nami nikawafuata. Fundi, mtu wa kutoka Mwingi, alifungua boneti, akasikiliza, akafunga.

"Mama, hii pampu imekufa. Ingine ni Nairobi, na sijui kama utapata."

"Bambu hajakufa, wewe," eddo akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mafuta ndio imekufa."

"Basi tengeneza wewe."

"Natengeneza. Leta mafuta tu."

Fundi alicheka, lakini akamuuzia yale mafuta mekundu ya usukani. Baba alikuwa ametazama pembeni.

Kazi tuliifanya uani kwetu. Tuliinua mbele ya pikapu kwa jeki, tukapanga mawe chini ya ekseli ili magurudumu yaning'inie. Eddo alichomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye kopo lake, akauelekeza ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, na tundu lililobaki akaliziba kwa kitambaa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa.

"Eddo, geuza," aliniita kwa jina lile lile nililomwitia, kama wafanyavyo wakubwa kwetu. "Kushoto mpaka mwisho. Sasa kulia. Taratibu! Unagombana na nani?"

Kilichotoka kilikuwa cheusi, kizito, chenye mchanga, na kilinuka kama jikoni.

"Hii ni simsim!"

"Ya kwanza yalivuja njiani. Nikatia nilichokuwa nacho."

"Mafuta ya kupikia? Kwenye usukani?"

"Wewe ungetia nini, vitabu?"

Alicheka kidogo, nikaona huo ndio wakati wa kumwuliza. Kwa nini mumewe asipande lori, akiwa amembeba mama yake mgongoni ikibidi? Boneti ilikuwa imemficha uso. Nilichoona kupitia mwanya wake ni mikono tu, na ilikuwa imesimama juu ya ule mpira.

"Geuza," alisema.

"Lakini nimeuliza..."

"Nimesikia ulichouliza. Geuza."

Tuliendelea kumimina na kugeuza mpaka mafuta yakatoka mekundu. Akarudisha mpira, akajaza kopo, akaniambia niwashe injini na nigeuze tena pande zote mbili ili hewa itoke. Mapovu yalipanda, yakapungua, yakaisha. Kilio chini ya boneti kikafifia hadi kikawa mnong'ono. Tulipoishusha pikapu, eddo aliingia akazungusha usukani kwa kidole kimoja.

Baba alikuwa amerudi kutoka msikitini. Alikitazama kile kidole. Alikuwa mtu wa kutimiza neno lake, na mchana ule nilimwona akilichukia.

Eddo aliondoka alfajiri.

Siku chache baadaye alirudi juu ya lori la mifugo, bila pikapu. Kando yake alikuwa mama mkwe wake, amefungwa ndani ya mkeka. Bibi huyo alikuwa amevuka mpaka akiwa hai, akakata roho kabla ya kufika Dadaab.

"Na gari?" baba aliuliza, kwa sababu hakujua aulize nini.

"Wamelichukua kizuizini. Walilipenda sana. Usukani mwepesi."

Tulimzika bibi alasiri. Jioni ile eddo alitwambia kwamba mumewe naye amekufa. Akaomba nguo nyeupe, akaingia chumba cha nyuma kukaa eda, miezi minne na siku kumi, na wanawake wa nyumbani wakaanza kumhesabia tangu jioni hiyo. Nilitaka kujua alikufa lini, wapi, nani aliyemwona. Mama alinifinya mkono.

Miaka mingi baadaye, eddo akiwa ameshafariki, nilikutana Nairobi na mmoja wa wale wanawake waliosafiri nyuma ya pikapu. Aliniambia kwamba mume wa eddo alipigwa risasi mlangoni pake, wakamzika, na kesho yake wao wakaondoka. Mama yake marehemu alikataa kupanda gari, akabaki kando ya kaburi la mwanawe. Pale Liboi, kabla ya kuagana, eddo aliwaapisha wote waseme kwamba mumewe yu hai, maana mjane aliye edani asingeruhusiwa kutoka kwenda popote.