Barua Niliyoiandika Bila Kwenda Kisimani

Mwanangu, mamako ameniambia umepata kazi kwenye ofisi ya kupokea malalamiko ya wakaazi, na kwamba umefurahi sana. Nami nimefurahi kwa ajili yako. Lakini kabla hujakwenda kukikalia kiti hicho, kaa hapa kwangu kidogo. Kazi hiyo niliifanya nikiwa kijana kama wewe, na iko siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na hapakuwa na msichana pale mtaani Ganjoni aliyenishinda kupiga taipu. Nikaajiriwa katika baraza la mji, kwenye chumba chenye meza mbili na kabati la chuma lisilofunga vizuri. Meza moja ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa ya Bwana Karisa, mzee wa Kigiriama aliyestaafu ukarani wa mahakama, akaletwa pale awe msuluhishi. Mkaazi akiwa na shida ya maji, taka ama mitaro, na idara haimsikilizi, alikuja kwake. Hakuwa mkubwa wa mtu. Hakuweza kumfukuza mtu kazi wala kumtoza faini. Aliweza kuuliza tu, na aliuliza mpaka akajibiwa.

Barua ikija, alimwita mwenye barua amweleze kwa mdomo. Kisha alikwenda idarani akawasikiliza na wao, maana alisema hata mfereji una watu wawili wa kuulizwa. Kisha alichukua mwavuli wake akaenda kwa miguu kutazama. Hapo tena ndipo aliponambia, "Haya Khadija, andika." Lalamiko moja likachukua wiki nzima. Mimi nilimwona mzee anayepoteza wakati. Sikusema, lakini nilimwona hivyo.

Siku alipokuja mara ya kwanza mama mmoja, Bi Mwanaisha, nilikuwa peke yangu. Bwana Karisa alikuwa amefiwa na ndugu yake, akenda kwao Kaloleni kwa wiki mbili. Alipoondoka alinambia, "Barua zipokee, zipeleke idarani. Lakini usifunge faili hata moja mpaka nirudi." Nikasema ndiyo, mzee. Moyoni nikasema akirudi atalikuta kabati tupu, naye atajua nina akili.

Bi Mwanaisha alikuwa mama wa Mji wa Kale, mshona kofia. Aliishi katika nyumba ya zamani pamoja na familia nyingine nne, na uani mwao mlikuwa na kisima. Mifereji ilikuwa imekauka miezi mingi, kwa hivyo kisima kile ndicho kilichokuwa uhai wao. Alifunua buibui usoni, akaketi, akasema taratibu:

"Subalkheri, mwanangu. Bomba la maji machafu limepasuka uchochoroni, ubavuni mwa kisima chetu. Maji yabadilika rangi. Tumeacha kuyanywa, twateka msikitini kwa ndoo. Lakini ni mbali, na mwanangu Nuru amejifungua juzi, yuataka maji mengi nyumbani. Nambieni mtakuja lini."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaandika barua ya lalamiko lake, nikaipeleka idarani. Baada ya siku nne ikarudi, na nyuma yake msimamizi wa mafundi ameandika neno moja tu: *Imeshughulikiwa.* Mwanangu, neno hilo lilinipendeza. Nikaingiza karatasi kwenye taipu nikamwandikia Bi Mwanaisha kwamba bomba limetengenezwa. Kisha nikaona barua ni fupi, haina uzito. Nikaongeza sentensi ambayo hakuna mtu aliyenituma kuiandika: *Maji ya kisima chenu sasa ni salama kwa matumizi yote.* Nikaipiga muhuri wa ofisi, nikaipeleka. Nikafunga faili.

Kutoka mezani kwangu mpaka kisima kile ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Sikwenda.

Bwana Karisa aliporudi, nilimwekea faili zilizofungwa mbele yake, nikasimama nikingoja sifa. Alizisoma moja moja. Alipofika kwa Bi Mwanaisha akavua miwani.

"Ulikwenda siku gani?"

"Sikwenda, mzee. Idara wenyewe wameandika, tazama nyuma."

"Nimeona walichoandika wao. Hili la maji kuwa salama, ulilipata wapi?"

Hakunigombeza. Alichukua mwavuli, akanambia twende.

Tulipoingia kwenye uchochoro wao tuliona mikeka imetandikwa na wanaume wameikalia. Bwana Karisa akamuuliza jirani mmoja aliyesimama mlangoni. Jirani akasema, "Ni Nuru, bintiye Bi Mwanaisha. Tumemzika jana. Watu wanne mle ndani walishikwa na kipindupindu, watatu wamepona. Yeye alikuwa mzazi, hakuwa na nguvu."

Bwana Karisa hakuingia msibani kwanza. Alimwomba jirani yule amwonyeshe kisima. Alifunika mdomo wa kisima kwa mbao, akaziwekea mawe, akawaambia watu wa nyumba asiteke mtu hata tone. Halafu akatazama ubavuni. Bomba lilikuwa limepasuka vilevile, na uchafu ukitiririka ukutani. Baadaye tulijua yaliyotokea. Mafundi walikuja kweli, wakatengeneza bomba kweli, lakini lilikuwa la uchochoro wa pili, ambako nako kulikuwa na ufa. Msimamizi hakusema uongo. Angekwenda mtu yeyote mwenye macho, angeliona kosa hilo mara moja.

Ndipo tukaingia kutoa makiwa. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa na kitoto kichanga mapajani. Hakulia mbele yetu. Alisema, "Barua aliisoma Nuru. Mimi macho yangu ni ya sindano, si ya karatasi. Akanambia, mama, wamesema maji ni salama, huna haja ya kubeba ndoo tena. Akafurahi, jamani, akanionea huruma mgongo wangu."

Bwana Karisa akainamisha kichwa. "Bi Mwanaisha, barua ile imetoka ofisini kwangu. Ofisi ni yangu, na kosa ni langu. Sitakuomba unisamehe leo."

Nami, mwanangu, nilikuwa nimekaa nyuma yake na nikanyamaza. Nilimwacha mzee wa watu abebe mzigo wangu mbele ya mfiwa. Ukiniuliza ni lipi linaloniuma zaidi baina ya barua na kimya kile, sijui nikujibu nini.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na ofisi akasimama. "Khadija, mimi nimesema yangu. Yako hujasema."

Basi. Akaingia ofisini.

Nilirudi peke yangu alasiri ile ile. Nilipiga magoti mbele ya Bi Mwanaisha nikamwambia mkono ulioandika ni wangu, na kwamba hakuna aliyenambia maji ni salama, nililitunga mwenyewe ili barua ipendeze. Nilingoja anipige, ama anilaani. Alisema, "Nimesikia. Sasa nenda." Nikaenda. Hakuniambia neno jingine maisha yake yote, ila nilipomkuta njiani miaka iliyofuata aliitikia salamu yangu na kupita. Sikumlaumu. Haikuwa haki yangu kusamehewa.

Kesho yake Bwana Karisa alimleta msimamizi wa mafundi pale kisimani, akawaita watu wa familia zote tano, akawasimamisha wote mbele ya ule ufa. Hakumtukana mtu. Aliuliza nani alikuja, alikuja wapi, nani alimwonyesha njia, na ikajulikana kwamba hakuna aliyewaonyesha. Wakakubaliana palepale: lori la maji lije kila asubuhi, bomba libadilishwe, kisima kitolewe maji yote na kutiwa dawa, na maji yapimwe kabla ya mtu kuonja. Kazi ile iliyogharimu roho ya mtu ilikwisha kwa siku tatu. Siku ya mwisho hakumuuliza fundi kama imekwisha. Alimuuliza Bi Mwanaisha. Mama akainama, akatazama bomba jipya, akatazama kisima, akasema, "Imekwisha," akaingia ndani. Nasikia hakuyanywa tena maji yale.

Niliandika barua ya kuacha kazi. Bwana Karisa akaikataa. Alisema nikiondoka ataletwa mwingine ambaye bado hajajifunza, na atajifunza kwa mtoto wa nani? Nikabaki miaka mingi. Kila lalamiko nililifuata kwa miguu yangu, mvua na jua, hata wenzangu wakanicheka. Lakini usidhani hilo lilinifutia kosa. Kuna siku za mvua ambapo nikisikia maji yanapita mtaroni namsikia Bi Mwanaisha anasema barua aliisoma Nuru.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Mtu anayekuja mezani kwako amekwisha kukataliwa kwingine. Wewe ndiye mlango wake wa mwisho. Msikilize mpaka amalize. Wasikilize na wale anaowalalamikia, maana mara nyingi si wabaya, wamekosea uchochoro tu. Kisha inuka uende ukaone kwa macho yako. Usiandike usichokiona, hata kama karatasi inaonekana tupu. Lalamiko halifungwi na aliye ofisini, hufungwa na yule aliyelalamika. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usimwache mtu mwingine aseme kwa niaba yako. Sema siku ile ile, hata kama hutasamehewa.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na miguu isiyochoka, akuepushe na mauti ya mtu kupitia mkono wako, na amrehemu kila aliyetuamini tukamwangusha. Amin.