Skrini Niliyokataa Kuifungua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka kifua kinajaa. Nilikuwa binti mdogo, mchapaji katika ofisi ya vitabu hapa Dodoma. Tulikuwa tunamalizia kitabu cha magonjwa ya mifugo, cha kupelekwa kwa wafugaji vijijini, na gari la mtambo wa uchapaji lingekuja kukichukua mchana.

Asubuhi tukakuta faili limeharibika. Kila penye ritifaa pamekuwa na alama ya kuuliza, kwa hiyo ng'ombe wote wakawa "ng?ombe". Baba yangu alikuwa mfugaji kule Chamwino. Nisingempa kitabu cha namna hiyo.

Nikaandika programu ndogo ndani ya kompyuta, ipite neno kwa neno irekebishe, na iache alama za kuuliza zilizo za haki. Ilifanya kazi, ila kwa kujikokota. Kila neno likibadilika, kompyuta ilichora skrini nzima upya, kurasa zinaruka mpaka macho yanauma. Kwa mwendo ule gari lingetukuta hatujafika popote. Nikaisimamisha, nikaongeza amri ya kuifunga skrini: usichore chochote mpaka umalize. Na nyingine: hata kazi ikikwama, ifungue skrini kwanza. Nikaianzisha tena. Skrini ikatulia kama picha ukutani.

Meneja wetu, Bwana Lameck, akaingia.

"Kompyuta imeganda. Izime."

"Haijaganda, bosi. Inafanya kazi."

"Mbona sioni kitu?"

"Ndivyo nilivyotaka. Ikijionyesha inachelewa."

Akanyoosha mkono kwenye swichi. Nikaiziba kwa kiganja changu. Wenzangu wakaacha kuchapa.

"Ondoa mkono, Neema."

"Siondoi. Ukizima sasa, kitabu kinabaki nusu kizima, nusu kibovu, na hatutajua mpaka uko wapi."

"Kikiharibika, kesho usije."

"Sawa, bosi. Lakini leo nipo."

Usidhani sikuogopa. Tukasimama hivyo, kiganja changu juu ya swichi, mpaka skrini ikajichora mara moja tu, na ng'ombe wote wamerudi na ritifaa zao. Nikazisoma kurasa, na Salma, mwenzangu wa Kondoa, akazisoma baada yangu. Hatukupata kosa. Gari likaondoka na kitabu.

Bwana Lameck hakunishukuru. Aliniambia niirudishe ile michoro ya skrini inayoruka, eti wateja wakipita waone tunachapa kazi. Nikakataa tena. Nilimwambia nimeajiriwa kufanya kazi, sikuajiriwa kuwachezea watu ngoma. Alininunia muda mrefu, nami nikaendelea vilevile mpaka akazoea.

Kwa hiyo, mwanangu, usikubali kupunguza kasi ya kazi yako ili anayepita akuone unahangaika. Akikuita mvivu kwa sababu umetulia, mwache aseme. Lakini ukifunga skrini, hakikisha umeweka njia ya kuifungua, hasa mambo yakiharibika, kisha mwite mwenzako akague. Mtu anayejificha mpaka mwisho sitamtetea.

Haya, nenda. Mungu akupe moyo mgumu mbele ya wanaokukemea bure, na mwepesi mbele ya wanaoitegemea kazi yako. Na popote utakapoiweka mikono yako, ibarikiwe.