Mwaka Ambao Hatukuwa na Upande

Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa siasa, na siasa aliipenda kuliko chakula. Tulianzia Kasulu, tukakaa huko vizuri tu, kisha uhamisho ukatupeleka Kibondo, katika kijiji kipya kwenye njia ya Mabamba. Watu walikuwa wametolewa vilimani kwao na kupangwa kwa mistari kama matuta ya viazi, na nyumba nyingi udongo wake ulikuwa haujakauka. Sisi ni watu wa Masasi. Huko hatukuwa na shangazi, hatukuwa na binamu, wala mtu wa kumwambia tumbo linaniuma akajua ni tumbo gani.

Nami tumbo ndilo lililokuwa shughuli yangu. Mimba mbili zilikuwa zimetoka huko Kasulu. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na katika kijiji kile chote nilitaka kitu kimoja tu: nijifungue mtoto anayelia. Mambo mengine ya dunia nilimwachia mume wangu, maana yeye aliyaweza.

Kijiji kilikuwa na nyumba mbili kubwa. Mzee mmoja ukoo wake ulikaa upande wa mlimani, mwingine ukoo wake ulikaa bondeni, na kila mmoja alitaka uenyekiti wa kijiji. Hawakupigana. Walishindana kwa pombe. Leo mlimani kuna mtungi, kesho bondeni kuna mtungi, na mgeni yeyote mwenye mshahara aliitwa kwa heshima, akapewa kigoda na mrija.

Hapo lazima nieleze, maana ndipo tulipoharibikiwa. Kwa Waha wa pale, pombe ya mtama ilinywewa katika mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Mwenye nyumba alivuta kwanza, mbele ya macho yenu, ili mjue haina kitu. Ukishaona ameonja, ukakataa mrija, basi umemwambia mwenzako kuwa yeye ni mchawi wa sumu. Pia waliokunywa pamoja ndio waliobebana. Mtu akizidiwa, waliokunywa naye walimtia kwenye ingobyi, ile machela yao ya kusuka, wakamweka mabegani mpaka hospitali. Asiyenywa nao alikuwa amejitoa mwenyewe. Mambo hayo hayakuandikwa popote, lakini hata watoto waliyajua.

Mume wangu mwanzoni alikunywa kote kote, na alikunywa vizuri. Halafu akafika kwenye somo la nchi zisizofungamana na upande wowote. Alilifundisha shuleni asubuhi, akalifundisha tena alasiri kwenye darasa la watu wazima, ambako watu wa mlimani walikaa kulia na wa bondeni kushoto. Aliwaeleza kwamba dunia ina mafahali wawili, na nchi yetu haiwi ndama wa yeyote. Watu walimpigia makofi. Wakaniambia, mama mwalimu, huyu bwana anajua. Sifa zikampanda kichwani. Akaja nyumbani akasema mwalimu anayefundisha kutofungamana hawezi kuonekana na mrija wa mgombea mdomoni. Kuanzia wiki hiyo hakunywa mlimani, hakunywa bondeni.

Nilimwambia ukweli wake. Nilisema, "Wachina wanatujengea reli, na mahindi ya njano tunayokula yametoka kwa Wamarekani. Serikali inakula kwa wote wawili. Wewe unakataa kwa wote wawili. Hayo ni mambo tofauti."

Akacheka, akasema mambo ya kimataifa hayapimwi kwa sufuria. Haya, bwana.

Basi hata mwezi haukuisha, kijiji kikatuonyesha ubaridi. Walinisalimia kwa Kiha chao, mwakeye, wakapita. Kuni nilitafuta mwenyewe na tumbo langu. Mafahali wetu wa kijijini, wale wazee wawili ambao hawakuwahi kupatana kwa jambo lolote, walipatana juu yetu. Mtu pekee aliyeingia kwangu alikuwa mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, aliyekaa na wenzake ng'ambo ya kijito, katika vibanda vya nyasi. Walikuwa wamevuka mpaka miaka michache nyuma, wakilima vibarua kwa chakula, leo shamba la mlimani, kesho la bondeni. Hakuna aliyewaalika kwenye mtungi wala aliyewahesabu kwenye ugomvi. Yule mama alinisaidia kupalilia maharage, nikampa chumvi na sabuni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na hakuwa msemaji.

Uchungu ulinianza asubuhi, wakati wa masika. Mganga wa zahanati alikuja, akanipapasa, uso ukambadilika. Akasema mtoto amelala kikingama, hatageuka, na nisipofika hospitali ya Kibondo mjini kupasuliwa kabla ya jioni, tutakufa wote wawili. Alisema hivyo mbele yangu, kwa sauti ya kawaida. Gari lingetoka wapi, na barabara ilikuwa uji?

Mume wangu akakimbia mlimani. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkemea. Alimwambia kwamba uchaguzi uko karibu, na vijana wake wakionekana wamembeba mke wa mwalimu peke yao, bondeni watasema mwalimu amenunuliwa. Ajaribu bondeni kwanza. Akakimbia bondeni. Huko mzee mwenyewe alitoka nje, akavua kofia.

"Mwalimu, umetufundisha wewe," alisema. "Sisi katika jambo hili hatufungamani."

Mume wangu alirudi akasimama mlangoni na matope mpaka magotini, akanirudishia maneno hayo kama yalivyo. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilikuwa nimeuma kanga, nikiwaza kwamba na huyu wa tatu anaondoka, na safari hii ananichukua.

Ndipo wakaja wale wa ng'ambo ya kijito. Hatukuwaita. Walikuwa wanaume sita, pekupeku, na ingobyi waliyosuka wenyewe, na yule mama amewatangulia. Hawakuuliza kitu. Walinilaza, wakaninyanyua, tukaondoka. Wanne wanabeba, wawili wanangoja zamu, mama anatembea ubavuni ameshika mkono wangu, mume wangu nyuma na kikapu cha nguo. Tulipita mbele ya mlimani, tukapita mbele ya bondeni. Watu walisimama uani wakatazama. Wanawake wengine walilia, nami kilio chao kikanichefua. Wabebaji waliimba chini chini kwa Kirundi ili miguu iende pamoja, na kila walipoteleza walipiga goti wao, ingobyi haikugusa chini.

Nilipasuliwa alasiri hiyo hiyo. Mtoto alikuwa wa kike, na alilia.

Kesho yake muuguzi alinishika mkono, akanibebea mtoto mpaka barazani, nikawakuta hapo. Wanaume walikuwa wamelala wameegemea ukuta, nyayo zao zimechanika. Mume wangu alikuwa ameleta birika la chai, anawamiminia mmoja mmoja. Mimi ndiye niliyemuuliza yule mama kwa nini walikuja, ilhali sisi hatukunywa nao, na kijijini kila mtu alikuwa na sababu yake ya kukaa.

Alinijibu kwa Kiswahili chake kile kidogo.

"Bwana wangu na yeye alikuwa mwalimu," alisema. "Askari walipokuja kumchukua, alisimama mlangoni akasema mimi sina upande. Wakamwambia, basi hakuna wa kukulilia." Alimtazama mtoto kidogo. "Majirani walisikia, wa huku na wa huku. Kila mtu alikaa ndani, na bwana wangu hakurudi. Jana nimemwona mwalimu wako anakimbia huku, anakimbia huku, nikawaambia hawa, twende."

Mume wangu alibaki ameinamisha birika, chai inamwagika sakafuni mpaka ikaisha.

Chuki yangu ikanitoka pale pale, sikujua imekwenda wapi. Niliwaza tu kwamba kulikuwa na mwalimu mwingine, mtu mwema pengine, mwenye maneno mazuri kama ya huyu wangu, na nyumba zote za kulia na za kushoto zilimsikia zikafunga milango. Nikajifunika kanga usoni nikamlilia. Mkewe akanishika bega, akaniambia nilie, na nilipomaliza akasema miaka yote ile, mbali na yeye mwenyewe, nilikuwa wa kwanza kumlilia.